Kozi Ashuka Chini

Mafundi walimpa jina la Kozi, yule ndege wa mawindo, kwa kuwa miaka kumi na tisa alishinda angani, ndani ya kibanda cha winchi ya ujenzi, akinyanyua nondo na zege kama mtu apangaye vyombo kabatini. Ngazi yake ilikuwa na vipago mia tatu na ushee. Kushuka kwenda haja na kurudi ni nusu saa nzima, na mafundi huko chini hawakosi matusi. Basi Kozi akajifanya mjanja: hanywi maji mpaka jioni. Madereva wote wa winchi walifanya hivyo, tena wakitambiana.

Figo yake haikuwa na habari na hayo majigambo. Siku moja aliteremka akitetemeka kwa homa, ameshika ubavu. Daktari akasema mawe yameziba njia ya mkojo na nyuma yake umejaa usaha, kwa hiyo hayaguswi kwanza. Wakamtoboa mgongoni, wakamwekea mpira wa kutolea uchafu, wakamtia dawa mshipani. Wiki tatu baadaye ndipo wakapitia tundu lilelile, wakayavunja mawe na kuyatoa.

Siku zote hizo alikitamani kibanda chake. Alitamani kile kiti kilichochanika, na ule upepo uliomkuta peke yake.

"Nitapanda lini?" akauliza hata kabla ya kuuliza chakula.

Mkewe akacheka kwa hasira. "Kwani huko juu umeoa?"

"Nimeoa chini, mama watoto. Juu nimeposa tu."

Daktari akamwambia, "Figo imepona, mzee wangu. Ila maji lita tatu kila siku, na mkojo usiubane."

Msimamizi aliposikia akakuna kichwa. "Mara sita kwa siku kupanda na kushuka? Kazi itasimama, Kozi. Kaa chini, uwe mpiga ishara."

Angefanyaje? Jumatatu akavaa fulana ya manjano, chupa ya maji kiunoni. Kibandani alikuwamo binti, dereva mpya, hodari kuliko Kozi alivyopenda. Kozi akainua mkono, akazungusha kidole: pandisha. Mzigo ukapanda, ukapita ghorofa ya nne, ya nane. Moyo ulimuuma, jamani, ulimuuma.

Redio ikakoroma, binti akiita. "Mzee, bado mkono uko juu. Nipandishe tena?"

"Hapana, mwanangu," akasema. "Umeshafika."

Lakini mkono hakuushusha.