Manju na Kisukari cha Mlinzi

Mgahawa nilimokuwa nafanya kazi, kwenye minara ya ofisi ya JLT huku Uarabuni, uliuza manju. Ni kiandazi cha Kijapani, cheupe, laini kama shavu la mtoto mchanga, kinapikwa kwa mvuke na ndani kimejazwa maharage mekundu yaliyopondwa. Nilipokiona mara ya kwanza nilicheka. Kwetu Tanga mahamri na mbaazi vinakaa sahani mbili kwa heshima zao. Hawa wamekisukumiza kimoja ndani ya mwenzake, halafu wakakiita chakula cha afya.

Meneja alibandika karatasi kwenye kabati la vioo: maharage, hakuna mafuta, nyuzinyuzi tele. Basi watu wa ofisini, wanaokataa hata keki ya mwenzao, wakawa wanabeba manju nne nne na kahawa isiyo na sukari. Eti wanajilinda.

Maharage hayo nilikuwa nachemsha mimi. Yakiiva nayachuja, maganda na nyuzinyuzi zake tele vinakwenda pipani. Kikombe cha maharage, kikombe cha sukari, nakoroga mpaka yang'ae. Mwalimu wetu wa darasa la jioni alitufundisha Kiingereza kwa kusoma pakiti za biskuti, unaona kila kilichotiwa ndani. Karatasi ya meneja sukari haikuitaja kabisa. Na mimi nilinyamaza, Mungu anisamehe, huku nasema bismillahi nikiwasha jiko.

Ndipo akaja mlinzi wa jengo, Mganda, mtu mzima, mgonjwa wa kisukari.

"Nyabo," akaniita, kama kwao wanavyomwita mama, "nipe tatu. Daktari kasema nile maharage, nipunguze posho, ugali wetu."

"Hayo si maharage, baba. Hiyo sukari imevaa kanzu."

"Karatasi imesema ni afya."

"Karatasi imepika?"

Akacheka. "Nyie Watanzania mna wivu. Wajapani wamewashinda maharage!"

Akaniambia hiyo ni wiki ya pili, mchana wake ni manju tu. Kila asubuhi kipimo kinapanda, naye analaumu mashine.

Nikamsogeza kwenye dirisha la jikoni, nikampimia anaona: kikombe, kikombe. Kicheko kikamkauka.

Meneja akatokea. "Khalas, basi! Unanifukuzia wateja. Mwambie ni salama."

"Sir, sufuria nitaosha, sakafu nitapiga deki. Hilo la kumwambia mgonjwa ni salama, mwambie wewe. Huyu hapa."

Mlinzi akamtazama, anasubiri. Meneja ambaye karatasi yake ina maneno mengi hivyo, akasema ana simu ya kupiga, akaingia ndani.

Kesho yake nikatoka nyumbani na maharage yangu kwenye kopo, ya chumvi na kitunguu, maganda yote yamo. Mlinzi akaonja kijiko kimoja, akakunja uso.

"Nyabo, haya hayana raha."

"Miguu yako unaitaka au huitaki?"

Akanitazama kama nimemtukania mama yake. Kisha akavuta kiti, akala mpaka kopo likaisha, amenuna vilevile.