Matanga ya Alois

Kaka yangu Marhoon ni mtu wa kawaida, tena wa kawaida mno. Umri wake wote alifanya kazi idara ya maji, akastaafu, akafiwa na mkewe, akabaki na mimi dada yake na bintiye Noof katika nyumba yetu ya hapa mtaani Bawshar, akilalamikia kiyoyozi. Ndiyo maana asubuhi ile aliposhuka ngazi kavaa kanzu nyeupe na kilemba, akasema anataka viti vya kukodi kwa sababu anaweka matanga, nlidhani sukari imempanda.

"Matanga ya nani?" nkamuuliza. "Nani kafa?"

"Alois."

"Alois yupi? Yule mlevi?"

"Dada, usimwite hivyo. Kafariki na kashazikwa. Kanipigia simu yule mama wa bustanini anayebeba magilasi. Kasema mazikoni alikuwapo yeye na padri, basi. Hana mke, hana mtoto, hana ndugu. Hana hata wa kumlilia."

Ngoja nkweleze huyo Alois ni nani, usije ukadhani sisi tumerukwa na akili. Ingawa ukishasikia unaweza kudhani hivyo hivyo.

Mwaka juzi Marhoon alikwenda Munich kupasuliwa moyo, na mimi nkaenda kumuuguza, maana Noof alikuwa na mitihani. Daktari akasema kabla ya kupasuliwa atembee kila siku. Haya, tukatembea. Karibu na nyumba tuliyopanga palikuwa na bustani yenye miti mikubwa na meza ndefu za mbao, na watu wa kila namna: vibibi, watoto, mpaka mbwa. Wanafungua vikapu vyao, wanatoa mikate, jibini, figili. Nkasema alhamdulillah, kumbe hawa nao wanajua kwenda kula nje. Kesho yake nkakaanga katlesi za viazi na nyama, nkapika chapati, nkatia chai ya tangawizi kwenye chupa, tukaenda tukakaa.

Yule mama wa magilasi akaja mbio. Kaziangalia katlesi, sawa. Kaziangalia chapati, sawa. Alipoiona chupa ya chai, Mtume! Alinitikisia kidole kama mwalimu wa chuo cha Kurani. Marhoon ana Kiingereza chake cha ofisini, akanifasiria: chakula njoo nacho upendacho, lakini kinywaji lazima ununue hapo hapo.

"Nchi gani hii?" nkasema. "Katlesi zangu halali, chai yangu haramu?"

Marhoon akaagiza maji ya tofaa. Wakamletea gilasi yenye mkono wa kushikia, kubwa, unaweza kumkogeshea mtoto mchanga. Hapo ndipo nlipotazama gilasi za wenzetu, nkaliona lile povu. Astaghfirullah! Mimi, Khole, na buibui langu, nimekaa katikati ya bustani ya bia! Nkasimama tuondoke. Marhoon akasema kachoka, na daktari kamkataza kubishana. Nkakaa. Kesho yake tukarudi, maana kivuli kilikuwa kizuri, tusidanganyane.

Siku hiyo ndipo alipokuja Alois. Mzee mrefu, kavaa kofia yenye unyoya, kastaafu udereva wa treni za mjini. Kule meza ni za wote. Mtu anauliza kwa ishara kama pana nafasi, anakaa. Lakini sisi, mtu akikukuta unakula husemi karibu? Nkamsukumia sahani. Akala katlesi moja, akala ya pili, kisha, Marhoon alipomweleza kwa Kiingereza kilichotuleta, akaweka mkono kifuani na kumuuliza habari za moyo wake. Basi nkajua, huyu kaja kumtazama mgonjwa. Nani mwingine katika mji ule alikuja kumtazama?

Akawa anakuja kila siku, hakosi hata moja. Na aliona navuta buibui langu kila anapoinua lile gilasi la bia. Akalipeleka gilasi lake meza ya mbali, akarudi kula na sisi. Akishikwa na kiu anainuka, anakwenda kule, anapiga funda moja kasimama, anafuta mdomo, anarudi kukaa. Alasiri nzima mzee wa watu yuko njiani, kama aliyepotelewa na funguo. Mwishowe alichoka, akaanza kuagiza limonadi.

Huyo ndiye Alois. Na sasa Marhoon anataka viti.

"Watu watatucheka!" nkamwambia.

"Watucheke. Hitima hatusomi, yule ana dini yake. Tutakaa tu, mtu asiondoke duniani kama taa iliyozimwa."

"Basi wakikuuliza mlijuana wapi, sema hospitali."

"Uongo huo, dada."

"Marhoon, sema hospitali!"

Viti vikaja. Nkajisemea, nani atakuja? Loo, wewe huijui Bawshar! Mtu akiona viti na gari mbili nje haulizi, anaegesha ya tatu. Kabla ya adhuhuri gari zilijaa mpaka mtaa wa pili. Wakaja wenziwe wa idara ya maji, wakaja jamaa zetu wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, akaja mtu mmoja kutoka Yiti, kijiji cha wavuvi, na ndoo ya samaki; hatumjui mpaka leo. Wote wanashika mkono, wanasema pole, wanakunywa kahawa. Noof alikuwa kasimama mlangoni pa majlisi, sebule ya wanaume, kila neno la wanaume ananiletea.

Siku ya pili Muhanna, jirani yetu anayesalisha msikitini, akauliza kwa upole, "Na mlijuana wapi na marehemu?"

Hapo nami nlikuwa mlangoni na Noof, nkasikia kwa masikio yangu.

"Kwenye bustani ya bia," akasema Marhoon.

Muhanna akaweka kikombe chini.

"Bustani ya nini?"

"Ya bia, sheikh. Lakini mimi nkinywa maji ya tofaa." Na kaka yangu akianza kusema kweli hajui pa kuishia. Akawaeleza yote: magilasi, katlesi, chupa ya chai iliyokatazwa.

"Subiri kidogo," akasema Muhanna. "Chakula ruhusa, chai marufuku?"

"Marufuku kabisa."

"Huo uonevu!" akaruka mmoja wa idara ya maji. Mwingine akasema hapana, mwenye biashara ana haki yake. Wakagawanyika pande mbili. Wakabishana juu ya chai yangu mpaka maghrib, na siku ya tatu wakarudi wengi zaidi, wamelala na hoja. Mmoja kaja na chupa yake mwenyewe, eti aoneshe kwamba haichukui nafasi mezani. Marhoon kakaa katikati yao, mkono shavuni.

"Shangazi," akaniambia Noof, "baba ananitia huruma. Watu wamejaa, na hakuna hata mmoja anayemsikitikia Alois."

Upande wetu wanawake ndiyo usiseme: harusi ya fulani, mapazia ya fulani. Nasriya wa nyumba ya pili, mwenye adabu kuliko wote na ulimi mrefu kuliko wote, akanisogelea.

"Pole, Bi Khole. Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?"

Nkafungua kinywa niseme mlevi mmoja tu. Nkaiona ile siku ya kupasuliwa Marhoon, mimi peke yangu nimekaa hospitali, na Alois anaingia kavaa koti lake la kanisani. Alikaa na mimi kutwa. Nliposimama pembeni kusali, alisimama mbali, kofia mkononi, akiwazuia wauguzi wasipite mbele yangu. Nlipomaliza akaja, akanigeukia, akasema maneno marefu, taratibu, huku akiizungusha ile kofia. Kisha akanyamaza akanitazama, anangoja jibu. Sikufahamu hata neno moja. Nkampa katlesi. Aliitazama kwanza, ndipo akaila.

Nkalia. Wala si kile kilio cha adabu cha kufuta macho kwa kitambaa. Nlilia kwa sauti, mpaka kule kwa wanaume ubishi ukakatika, nkamsikia na Marhoon naye kaangua kilio.

Wanawake wakatazamana. Nasriya akaniinamia sikioni, akaninong'oneza kwa heshima zote.

"Bi Khole, tuambie tujue. Utakaa eda?"

Siku nyingine ningemtoa nje na viatu vyake.

"Eda hukaa mjane, Nasriya."

"Kwani hakukuposa?"

"Sijui," nkamwambia. "Labda aliniposa. Kijerumani sikijui."