Sharti la Zdravka na Hoho za Sevda

Asubuhi na mapema katika soko la Pazardzhik, mji wa Bulgaria, Zdravka Peneva anapanga miche ya pilipili hoho mezani huku kipande chake cha banitsa, mkate wa jibini, kikipoa pembeni. Mkono mmoja unanyunyiza maji, mwingine umeshika simu. Anasoma, anakunja uso, anafuta ujumbe wa mtu, kisha anamgeukia mteja akitabasamu.

"Huyu wa mji wa Sliven ameanza tena kuwasema Waturuki," anasema. "Nilishamwonya. Akirudia, nje."

Miche ndiyo inayomlisha, na haimtajirishi. Majira ya baridi hufuma soksi za kuuza. Kazi ya simu haimpi hata stotinka moja. Ni msimamizi wa kikundi cha mtandaoni cha wapanda hoho na nyanya, watu elfu sita, Wabulgaria, Waturuki na Waroma (Wajipsi, kama wanavyoitwa kwa dharau). Huonyeshana mazao na kuulizana dawa za ukungu.

Alipokianzisha aliweka sharti moja tu: anayepanda, karibu. Aliliamini kwa moyo wote, na nusura limvunjie kikundi.

Balaa lilianza kwa mtu waliyempenda. Stamen Gruev, dereva wa treni mstaafu, hachoki kujibu maswali ya watu. Ukimwonyesha jani lenye madoa, anakutajia ugonjwa na dawa kabla hujamaliza kulalamika.

Siku moja Sevda Asenova, mama wa Kiroma anayepika katika shule ya chekechea, aliweka picha ya hoho zake, nyekundu, nene, za kujivunia. Mzee Stamen akaandika chini yake: "Tangu lini nyinyi Waroma mkapanda? Hizi umevuna kwenye bustani ya nani?"

Watu wakacheka. Zdravka hakufuta.

"Nilidhani kumvumilia ndio uungwana," anasema. "Nikampigia Sevda: 'Mdogo wangu, mpuuze, ni mzee yule.' Akanijibu, 'Dada, sifa ya uvumilivu unachukua wewe, maumivu unaniachia mimi.' Akakata simu. Niliona haya, wacha nikwambie."

Sevda akanyamaza kikundini. Waroma wengine nao wakapotea mmoja mmoja, bila ugomvi.

Kila vuli wanakikundi hukusanyika uani kwa Zdravka kuchoma hoho na kupika lyutenitsa, rojo la hoho na nyanya, ya kujaza mitungi ya akiba ya majira ya baridi. Sufuria kubwa na kuni huletwa na Sevda na shemeji zake. Mwaka ule hawakutokea. Waliokuja wakabeba majiko yao ya umeme ya kuchomea hoho, wakayachomeka yote kwa mpigo, na nyumba nzima ikazimika. Wakabaki wanatazamana, mabeseni yamejaa hoho mbichi.

Mzee Stamen alikuwa kitini pake. Kazi yake siku zote ilikuwa kuonja. Kukoroga, ambako mchuzi unaruka na kuunguza mikono, aliwaachia wengine. "Sevda naye," akasema, "kanuna kwa utani tu!"

Zdravka akamwendea, kisu cha kumenyea bado mkononi.

"Mzee wangu, utaomba radhi palepale ulipomtukana, chini ya picha ile, waone wote waliocheka. Hutaki, nakutoa leo."

"Si ulisema kila mtu karibu? Kwani mimi si mtu?"

"Ni mtu, tena tunakupenda. Lakini nilisema anayepanda, karibu. Wewe unang'oa wenzako."

Stamen akabeba mitungi yake mitupu akaondoka. Zdravka akamtoa. Wengine wakamfuata, wakimwita dikteta wa hoho.

"Jina tamu," anasema, akicheka mpaka miche inatikisika. "Nitaliandika kwenye aproni."

Hakujuta. Siku hizi sharti lina mkia: waza utakavyo, ila ukimtweza mwenzako unaonywa, ukirudia unatoka. Mlango wa kurudi ni kuomba radhi mahali ulipokosea. Wengi walionyamaza wamerudi kuuliza maswali yao. Sevda naye alirudi, kwa sharti lake mwenyewe kwamba asimamie kikundi pamoja na Zdravka.

Mwaka huu Zdravka amepanga hoho zichomwe uani kwa Sevda, katika mtaa wa Waroma, ambako baadhi ya wanakikundi hawajawahi kukanyaga. Anataka waende wote.

Simu inalia mezani. Ni ujumbe wa Stamen: amesikia habari za mkusanyiko wa vuli, anauliza kama na yeye anaweza kuja. Zdravka anausoma mara mbili, kisha anampigia Sevda.

"Uwanja ni wako, mdogo wangu. Nimwambieje?"

Sevda yuko kazini. Nyuma yake watoto wa chekechea wanagonga vijiko.

"Aandike kwanza pale alipoandika," anasema. "Akishaandika, aje. Na mwambie avae mikono mirefu. Mwaka huu anakoroga yeye."