X Niliyoifuta Ukutani

Mgodi wa makaa ya mawe ulipofungwa, watu wengi walihama kijijini kwetu, kule milimani Mbeya. Mama alibaki. Nyumba yetu ilikuwa kota ya mgodi. Baba alifia humo, na Mama alisema na yeye atatokea humo humo, kwenye jeneza. Bati lilikuwa limeoza. Mvua za kwetu hazina adabu, zikianza Novemba unakinga ndoo chumbani hadi Mei.

Nilikuwa nimetoka Iringa, ninakopanga chumba, kuja kumsaidia kulima, ndipo walipokuja watu wa mradi. Walisema mkutanoni kwamba kota zitakarabatiwa na ukumbi wa kijiji utafunguliwa tena. Tukaitikia tu, tumeshazizoea ahadi. Siku mbili baadaye natoka shambani, nakuta X nyekundu ukutani kwetu.

Jamani, nchi hii nani hajui maana ya X? Nyumba ngapi za kando ya barabara nimeziona zikipigwa X, na tingatinga likafuata. Mama alikuwa ameketi mlangoni. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, nitakwenda wapi?"

Nilipandwa na hasira. Nikachukua petroli na brashi ya chuma, nikasugua mpaka vidole vikachubuka, nikapaka udongo juu yake. Jirani yetu, mvivu wa kutupwa, aliiacha X yake ilivyo. Nilimcheka.

Mafundi walianzia kwake. Bati jipya, dari, madirisha. Sisi wakatupita. Nikamkimbilia msimamizi.

"Dada, nyumba mbovu tuliipiga X, nzima tukaiwekea tiki, kama daftari la shule," alisema. "Yenu haina X, basi haimo."

Nilimweleza nilichofanya. Akasema bati zimekwisha, tusubiri awamu ya pili. Haijaja, na haitakuja, najua.

Masika ile paa la chumba cha Mama liliporomoka. Nikamhamishia kwangu Iringa, ambako hamjui mtu, na Kinyakyusa chake hakuna wa kukiitikia ila mimi. Anashinda kitandani. Naichukia mikono yangu, sifichi.

Watu wa nyumbani wakipiga simu kuuliza ilikuwaje, namsikia Mama akiwajibu kwamba X aliifuta yeye.