Neno Koroma Mahakamani

Neno koroma nililileta mimi. Nilikuwa nakata kashata katika kiwanda kidogo cha Ukunda, tajiri akauliza mbona zangu ni laini. Nikamwambia nyumbani hatukuni nazi kavu, tunakuna koroma. Akalipenda neno, akaliweka kwenye pakiti.

Jioni nilimsimulia dada yangu, aliyefanya kazi kama yangu katika kampuni nyingine, Diani. Mimi huongea nyumbani tu. Yeye huongea popote. Haukupita muda, kampuni yao ikaandikisha Koroma kuwa alama yake ya biashara, kisha ikatushtaki kwamba tumewaibia jina.

Shahidi wao akawa dada. Nilikwenda Mombasa na tajiri, nikakaa benchi la nyuma la mahakama, katoni ya kashata mapajani. Nilitaka kitu kimoja tu: mtu aulize neno lilitoka kwa nani.

Dada aliingia na buibui jipya. "Shikamoo, mheshimiwa," alimwamkia jaji kabla hata hajaapishwa. Watu wakacheka. Jaji, mama mtu mzima, akaitika, "Marahaba, mwanangu."

Nikaona kijicho. Nami nilikuwa na shikamoo yangu, ila ya nyumbani tu.

Wakili wetu akamuuliza, "Jina hili mlilitunga nyinyi?"

"Kutunga? Koroma ni koroma. Si dafu tena, na nazi bado. Hata mtoto wa Msambweni analijua."

"Na kashata zenu mnatia nini?"

"Koroma! Ulitaka tutie maboga?"

Wakili wao akajishika kichwa.

Hukumu ilipotoka, jaji alisema neno linalotaja kitu chenyewe haliwezi kumilikiwa na kampuni moja. Tulishinda. Nani alilileta, hakuna aliyeuliza.

Kampuni yao ikamfukuza dada. Tajiri wangu akaja nyumbani mwenyewe. "Ulimi wako umetuokoa," alimwambia. "Njoo usimame dukani kwangu." Akanigeukia. "Kumbe una dada kama huyu, na husemi?"

"Huyu na kusema, bwana?" dada akacheka.

Sasa yeye yuko mbele dukani, mimi chumba cha nyuma nakata kashata. Wageni wa hoteli wakiingia, namsikia tajiri akiwaonyesha: "Huyu ndiye mwenye Koroma."

Dada hakatai.