Muuguzi wa Vidonge vya Majaribio

Ilikuwa mwaka ule wa mvua kubwa. La, ni mwaka uliofuata, mzee mmoja alipolazwa wodi ya moyo. Dawa ya moyo ilimchoma tumbo, na madaktari walikuwa wakijaribu kidonge cha kulituliza: wagonjwa wengine walipewa dawa yenyewe, iliyo chungu, wengine unga mtupu usio na ladha ndani ya ganda lile lile. Aliyevigawa vidonge hivyo alikuwa muuguzi mnene aliyetembea polepole, kama pazia linalochezewa na upepo. Kila asubuhi alisugua viganja vikapata joto ndipo amguse mtu.

“Shikamoo babu. Tumbo limeamkaje?”

“Marahaba. Linanila, mwanangu. Hivi napewa dawa, au unga wa kudanganyia mtoto?”

“Hata mimi nimefichwa, babu. Tumefumbwa macho sote.”

Asubuhi moja alimkuta mzee amejikunja, machozi yanamtoka. Muuguzi akatazama mlangoni, akalifungua ganda la kidonge taratibu, akagusa unga kwa ncha ya ulimi. Akafumba macho. Mwanga wa dirishani ukamwelea usoni, wodi nzima ikawa kama imelala. Kisha akalifunga ganda, akamwinua mzee kichwa, akamtilia kidonge mdomoni, akamnywesha maji.

Mzee alimeza, akauliza: “Ni chungu, mwanangu?”