Gari la Haji Kwenye Mlima wa Bukiriro

Kila mvua za kwanza zikinukia, Biubwa huota ndoto ileile: yumo ndani ya gari la mume wake, barabara nyeupe, miti myeupe, kimya kitupu, na Haji yuko hai pembeni yake akimenya karanga. Theluji Biubwa hajaiona maishani mwake. Haji naye alikufa bila kuiona. Lakini gari lao liliiona huko Japani kabla halijaletwa Ngara, na kwa hilo tu Biubwa alilistahi kama mtu aliyerudi safari ya mbali.

Lilikuwa gari la mbio hasa. Milango miwili, rangi ya bluu, tumbo karibu liguse ardhi, na nguvu zake zote kwenye magurudumu ya nyuma. Haji alilileta akiwa tayari ana mvi, na mji mzima ukamcheka. "Mzee kapatwa na nini?" walisema pale stendi. "Gari la lami hilo! Huku kwetu atalivalisha buti za mvua?" Haji alicheka nao, akampakia mkewe, wakaenda kuzunguka milima mpaka jua likazama. Humo ndani walikuwa hawasemi sana. Biubwa alikuwa akiegemeza kichwa kwenye kioo, anaangalia migomba ikipita, anaona raha tu.

Sasa Haji hayupo. Mkubwa wa ukoo ni kaka yake, Abdulkadiri, mwenye duka la chumvi na sukari pale sokoni. Eda ilipokwisha alikuja nyumbani.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba." Akanywa chai, akakohoa. "Shemeji, hilo gari halifai kitu mvua ikianza. Linakaa uani kama pambo. Tuliuze."

Biubwa alihisi kama kaambiwa azike mara ya pili. "Linatembea," alisema. "Mvua ikinyesha nitalipeleka gulio la Bukiriro, na wewe utakaa pembeni yangu uone."

"Likikwama?"

"Likikwama, uza."

Jamani, mdomo! Neno limeshatoka, utalirudishaje? Biubwa alijifunga kanga nyingine, akaenda moja kwa moja kwa Telesfori, fundi magari kutoka Kasulo, mtu ambaye mikono haifanyi kazi mpaka mdomo nao ufanye.

Telesfori alilipiga jeki, akajilaza chini yake. "Mama Asmaa, hebu njoo uone kutu hii! Huko lilikotoka wanamwaga chumvi barabarani ili theluji iyeyuke. Ndiyo inayokula chuma."

"Chumvi? Chini? Watu waikanyage?"

"Wanaimwaga kwa malori, mama."

"Loo!" Biubwa alishika kiuno. Kaolewa kwenye ukoo ambao mtoto akimwaga kijiko cha chumvi anaambiwa aokote punje kwa punje. Alisimama pale gereji akiziona barabara zinazometameta, magari yakielea juu yake bila kelele, mpaka Telesfori akamwomba amsogezee brashi ya waya.

Walikwangua kutu, wakapaka oili chafu chini kote. Fundi akalinyanyua kwa spesa, vile vipande vya kuongeza kimo cha springi, akalifunga matairi yenye meno makubwa. Kisha akatikisa kichwa. "Nyuma jepesi mno. Bila uzito kwenye buti, matairi yatazunguka palepale."

Na mke wa ukoo wa chumvi atapata wapi uzito? Biubwa alichukua viroba vya chumvi stoo, na Telesfori mwenyewe akavipanga kwenye buti huku akisifu. Manyunyu ya kwanza yalipopita, mpira wa buti ukavujisha maji, chumvi ikalowa, na maji yake yakachuruzika juu ya chuma kilekile walichokihangaikia. Telesfori alipiga goti, akagusa tone kwa kidole, akaonja.

"Mama Asmaa," alisema polepole, "tumelirudisha Japani."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Halafu Biubwa akaona machozi yanamtoka kweli, akayafuta kwa ncha ya kanga, wakaliosha gari, wakalipaka oili upya na kujaza mchanga kwenye buti.

Siku ya gulio ilinyesha tangu alfajiri. Abdulkadiri alikuja na kanzu yake safi, akakunja miguu kwenye kile kiti cha chini, akashika mlango kwa mikono miwili. Walipoanza mlima wa Bukiriro, ukungu ulishuka. Barabara ikawa nyeupe, miti ikawa myeupe. Biubwa aliweka gia ya pili, hakugusa breki, na gari likapanda vizuri kabisa, likitikisa makalio kidogo tu. Ilikuwa ni ndoto yake yenyewe. Aligeuka pembeni kumtazama Haji, akamwona shemeji yake, na mguu ukalegea kwenye mafuta.

Gari likasimama. Alipolikanyagia tena, matairi yakachimba tope, likazama.

Alizima injini, akaweka paji la uso kwenye usukani. "Basi," alisema. "Ni mimi. Gari halina kosa."

Abdulkadiri alivua viatu, akafungua mlango, akaipandisha kanzu mpaka magotini, akaenda nyuma. "Washa!" alipiga kelele. Akina mama waliokuwa wakienda gulioni wakatua vikapu vyao, wakaungana naye kusukuma, na gari likachomoka likawarushia tope wote.

Kileleni Biubwa alimngoja. Shemeji yake alifika kwa miguu, tope mpaka kwenye ndevu, akaingia, akafunga mlango.

"Tumekwama, shemeji," Biubwa alisema. "Ahadi ni ahadi. Uza."

Mzee alitazama mbele kwenye ukungu. "Ndugu yangu aliniita mara nyingi nipande humu. Nikamwambia mimi sikai kwenye kichezeo." Akalia waziwazi, mtu mzima yule. "Hakuniita tena."

Mvua iligonga bati la gari. Biubwa alifuta kioo kwa ncha ya kanga. Gulio lilikuwa hapo chini, turubai zake zikionekana kwa shida ukunguni.

"Tuteremke sokoni?" aliuliza.

"Hapana," alisema Abdulkadiri. "Endesha tu, shemeji. Popote alipokuwa akikupeleka, na mimi nipeleke."